Maswali ya Wasomaji: Kisanduku Kilichofichwa Kando ya Njia ya Jangwani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni msomaji wenu wa Nyegezi, Mwanza. Dada yangu anaishi Tucson, katika jimbo la Arizona huko Marekani, na mwezi wa Desemba, Mungu akipenda, nitakwenda kumtembelea. Yeye na shemeji wana mchezo wa kutafuta visanduku ambavyo watu huvificha kando ya njia za matembezi jangwani, na ndani ya kila kimoja huwekwa muhuri na daftari. Amenitumia maelezo ya kisanduku kimoja ambacho wao wenyewe wamekikosa, akasema kwamba mtu aliyekulia kwenye mawe ya Mwanza hawezi kushindwa. Maelezo yenyewe ni haya: “Fuata njia mpaka inapokata korongo la mchanga mara ya pili. Tafuta saguaro yenye mikono mitatu, mmoja umeinama. Kutoka hapo tembea hatua 60 kwa nyuzi 140 hadi kwenye miamba miwili inayoegemeana. Chini ya ule mdogo, upande usioona jua la adhuhuri, nyuma ya jiwe lisilofanana na wenzake.” Rafiki yangu alinifichia kikopo kwenye mawe ya Luchelele ili nijipime, nikapindua mawe mpaka mikono ikachubuka, na kikopo sikukiona. Nifanyeje nisiende kuaibika ugenini?

JIBU: Ndugu msomaji, mikono yako imechubuka kwa sababu ilianza kazi kabla ya macho. Aliyeficha kisanduku hakukusudia kisionekane kamwe. Alikusudia kionekane na mtu aliyesoma maelezo yake na kipitwe na mtu anayepita zake. Kwa hiyo karibu kila neno katika maelezo hayo lina kazi, na ukiyapima moja moja ungali Nyegezi utapunguza sana taabu ya kuyapima ukiwa umesimama juani.

Tuanze na korongo. Makorongo ya jangwa lile ni mikondo mikavu ambayo maji hupita siku chache tu za mwaka, na baadhi yake ni membamba kiasi kwamba mtu huyavuka akiwa katika mazungumzo bila kuyahesabu. Wewe hesabu kila mahali ambapo njia inashukia kwenye mchanga mlegevu na kupanda tena, hata kama upana wake hauzidi hatua mbili. Ukifika kwenye la pili na usiione saguaro inayotajwa, usianze kuitafuta vichakani. Endelea hadi la tatu, kwa kuwa aliyeandika huenda lile dogo hakulihesabu.

Saguaro ni kaktasi ndefu yenye shina lililosimama kama nguzo, na iliyokomaa inaweza kupita mita 12. Kwa kawaida haitoi mkono hata mmoja kabla ya kufikisha umri wa miaka 50 au zaidi, hivyo yenye mikono mitatu ni mzee wa mahali pale. Mkono ulioinama ni alama nzuri, maana baridi kali ya usiku huudhoofisha mkono ukashuka, na ukishashuka hubaki hivyo kwa miaka mingi. Hata hivyo saguaro nazo huanguka, hasa katika dhoruba za majira ya joto. Muulize dada yako maelezo haya yaliandikwa lini na kama yupo mtu aliyekipata kisanduku karibuni. Ikiwa imepita miaka kadhaa bila mtu kukipata, inawezekana kabisa kwamba hakipo tena, na hakuna ustadi wa kutafuta utakaokirudisha.

Sasa zile hatua 60 kwa nyuzi 140. Nina hakika hapa ndipo dada na shemeji yako walipopotea, kwa kuwa hapa hupotea wengi. Sindano ya dira haielekei kaskazini halisi. Huelekea kaskazini ya sumaku. Kwetu Mwanza tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo, na mtu mwenye dira ya mkononi hana haja ya kuijali. Tucson tofauti hiyo ni karibu nyuzi 9 upande wa mashariki, nazo katika mwendo wa hatua 60 hukutoa kando kwa hatua 9 hivi, jambo ambalo katikati ya vichaka vya miiba linatosha kukufikisha kwenye miamba isiyohusika. Waandishi wengi wa maelezo ya namna hii huandika namba kama dira yao inavyoionyesha, bila kusahihisha chochote. Kwa hiyo anza na dira ilivyo. Ukitumia simu, fungua kwanza mipangilio uone kama imewekwa ionyeshe kaskazini halisi au ya sumaku. Ikiwa ni halisi, nyuzi 140 za dira ya mwandishi zitakuwa takriban 149 kwenye simu yako.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa dira hawakuambii ni hili: usibebe dira ya huku. Sumaku ya dunia haiivuti sindano kwa mlalo tu, huiinamisha pia, na kiasi cha kuinama hubadilika kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini. Watengenezaji husawazisha sindano kwa ajili ya ukanda fulani wa dunia, na iliyosawazishwa kwa ajili ya maeneo yetu inaweza kuinamisha ncha moja na kukwaruza ndani ya kasha lake ikifika Arizona, ikakupa mwelekeo wa uongo bila wewe kujua. Azima ya shemeji yako.

Kuhusu hatua zenyewe, wako wanaohesabu kila unyayo unapotua, na wako wanaohesabu mguu wa kulia tu, yaani hatua moja yao ni mbili zako. Hatua 60 za watu wa kwanza ni kama mita 45, na za watu wa pili ni karibu mita 90. Simama kwenye saguaro, elekea nyuzi 140, ambazo ni kusini-mashariki, kisha uangalie kama kuna miamba miwili inayoegemeana katika mojawapo ya umbali huo. Ukiiona, achana na dira na hesabu. Vimekwisha kufanya kazi yake.

Usiiendee kwa mstari ulionyooka. Kati yako na miamba hiyo huenda kukawa na cholla, kaktasi ambayo vipande vyake hukatika kwa kuguswa kidogo tu na kung'ang'ania nguo au ngozi, na miiba yake ina vinyoya vilivyogeukia nyuma ambavyo huuma zaidi wakati wa kuchomolewa kuliko wakati wa kuingia. Usikishike kipande hicho kwa vidole, maana kitahamia kwenye vidole. Beba chanuo la kawaida, lipitishe kati ya kipande na ngozi, ukirushe mbali kwa mkupuo mmoja, kisha miiba iliyobaki uitoe kwa kibano. Zunguka panapozungukika, ukipita juu ya mawe na mchanga wa korongo, kwa kuwa katika sehemu nyingi za majangwa ya Marekani udongo una ngozi nyembamba ya viumbe hai inayoushikilia usipeperuke, na unyayo mmoja huivunja kwa miaka mingi.

Maneno yanayofuata, “upande usioona jua la adhuhuri”, ni mtego kwa mtu wa kwetu. Mwanza iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na jua la adhuhuri hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na mwezi Septemba. Juni linakuwa upande wa kaskazini na Desemba upande wa kusini. Mtu aliyekulia hapa hawezi kutaja upande wa jiwe usioona jua la adhuhuri bila kwanza kuuliza ni mwezi gani. Tucson iko juu kaskazini, zaidi ya nyuzi 32, na huko jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, halivuki kamwe. Upande unaotajwa ni wa kaskazini, na hautabadilika hata ungekwenda Juni. Desemba utauthibitisha kwa kivuli chako mwenyewe, ambacho adhuhuri kitalala kuelekea kaskazini na kuuzidi urefu wako kwa karibu nusu.

Umefika kwenye mwamba mdogo, upande wa kaskazini. Hapa simama hatua tatu au nne nyuma, uchuchumae, na mikono uiweke magotini. Mawe ya jangwani yaliyokaa mahali pamoja kwa muda mrefu mno hufunikwa na utando mweusi au wa hudhurungi wenye madini ya chuma na manganizi, ambao hujijenga taratibu kwa maelfu ya miaka upande unaokabili hewa. Upande uliolala udongoni hauna utando huo. Huwa umepauka, au una rangi ya wekundu wa kutu. Jiwe lililoshikwa na mkono wa mtu likarudishwa kwa haraka huonyesha tumbo lake pale ambapo wenzake wanaonyesha mgongo. Hilo ndilo “jiwe lisilofanana na wenzake”. Tazama pia linavyokaa: lililolala miaka mingi limejichimbia kitanda chake, na udongo umelizunguka bila mwanya, ilhali lililowekwa hukaa juu ya udongo, na chini yake huonekana uwazi mwembamba wa giza. Dalili ya tatu ni mpangilio. Mawe matatu au manne ya ukubwa unaobebeka kwa mkono mmoja, yamebanana mbele ya shimo, hayakujipanga yenyewe. Maporomoko ya asili huchanganya makubwa na madogo.

Rudi Luchelele ukajaribu hayo kabla ya safari. Mawe yetu ni ya itale na hayana utando ule, lakini yana madoa ya ukoga wa kijivu na wa rangi ya machungwa unaoota upande wa juu, nalo jiwe lililopinduliwa utalitambua kwa kukosa madoa hayo mahali ambapo majirani zake wanayo. Mwambie rafiki yako afiche tena, na wewe ujiwekee sharti la kutogusa jiwe lolote mpaka uweze kumwambia kwa nini umelichagua.

Ukishalichagua, bado usiingize mkono. Gonga kwa fimbo, subiri, kisha lishike jiwe kwa ukingo wa mbali na kulivuta kuelekea kwako, ili mwanya ufunguke upande wa pili na kilichomo kitoke kikielekea huko badala ya miguuni pako. Desemba nyoka wenye njuga mkiani huwa wamejificha kwa sehemu kubwa, ingawa siku yenye joto wanaweza kutoka kuota jua. Lakini nge wa Arizona wenye sumu kali hujikusanya majira ya baridi katika nyufa na chini ya vitu, na kisanduku cha plastiki kwao ni paa zuri. Kitazame chini na kwenye mfuniko kabla ya kukikumbatia.

Ndani utakuta muhuri na daftari. Muhuri wa kisanduku unaugonga kwenye daftari lako. Muhuri wako mwenyewe unaugonga kwenye daftari la kisanduku, ukiandika tarehe, jina lako la mchezo na mahali ulikotoka. Chonga muhuri wako kabla ya kuondoka, kwenye raba ya kufutia penseli, na ukumbuke kwamba herufi zinachongwa kinyume. Unaweza pia kumpa kazi hiyo fundi wa mihuri mjini, ila mchoro uwe wa sato au mtumbwi na usifanane kwa namna yoyote na muhuri wa ofisi, kwani hakuna atakayekuelewa uwanja wa ndege. Wino wa pedi hukauka upesi katika hewa ile; fungua pedi ukiwa tayari kugonga. Kisha rudisha kila kitu kama kilivyokuwa, mawe kwa mpangilio uleule, na ikiwa uliyakuta yameonyesha tumbo, yageuze yaonyeshe mgongo. Atakayekuja baada yako atataabika zaidi kidogo, lakini kisanduku kitadumu.

Nimeacha maji na saa mwishoni, ingawa utayahitaji mwanzoni. Desemba mchana wa Tucson huwa wa nyuzi 18 hivi na usiku hukaribia 4, hivyo hutaona joto lile la Julai linalopita nyuzi 40 na ambalo kwa ajili yake mji jirani wa Phoenix hufunga baadhi ya njia zake za milimani saa za mchana. Lakini hewa kavu hunyonya jasho kabla hujalihisi, na mtu wa ziwani aliyezoea kuona shati likilowa hudhani hajatoka jasho. Kiasi kinachoshauriwa kwa siku nzima ya matembezi jangwani ni takriban lita 4 kwa mtu mmoja. Beba yako, na nusu ikiisha geuza, hata kama miamba imekwisha kuonekana kwa mbali. Huku jua huzama saa kumi na mbili na nusu imekwisha kupita, mwezi wowote. Kule Desemba linazama yapata saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, na baridi huanza papo hapo. Uwe umeanza kurudi saa tisa.

Mwisho, mwulize dada yako njia hiyo iko kwenye ardhi ya nani. Pande zote mbili za Tucson kuna Hifadhi ya Taifa ya Saguaro, na katika hifadhi za taifa za Marekani hairuhusiwi kuacha kitu bila kibali. Kisanduku kilichowekwa humo bila ruhusa kikionekana na askari wa hifadhi huondolewa, na huenda hiyo ndiyo sababu ya wao kukikosa, ingawa mimi bado naishuku dira.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Ilemela. Nimesikia kuhusu mchezo wa visanduku vyenye mihuri na ninatamani kuuanzisha kwa wanafunzi wangu kwenye vilima vya mawe vya hapa kwetu, ili wajifunze dira na kusoma kwa makini. Je, kuna kizuizi?

JIBU: Mwalimu, mahali pa mchezo huu Mwanza pamejaa; kizuizi kikubwa ni majirani, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Vilima vyetu si jangwa tupu. Kuna nyumba hadi juu ya mawe ya Mabatini, Igogo na Bugando, na kila mwamba una mtu anayeuona kuwa ni wa uani kwake. Fikiria mama anayekwenda kuanua nguo akamwona mgeni ameinama kwenye ufa wa jiwe nyuma ya nyumba yake, akitumbukiza kikopo chenye wino mwekundu na kijitabu chenye alama. Wewe na mimi tunajua sehemu hii ya nchi. Tuhuma za ushirikina huku zimewahi kugharimu maisha ya watu wasio na hatia, hasa vikongwe, na kitu kilichofichwa karibu na makazi hakielezwi kwa urahisi mara kinapokwisha kufukuliwa na umati.

Kwa hiyo usifiche chochote karibu na makazi, makaburi, visima, au miamba ambayo wazee wa eneo hilo wanaiheshimu kwa matambiko. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ukiwa na kikopo chenyewe mkononi, umwonyeshe kilichomo, na umwombe awaeleze wajumbe wake. Tumia kikopo kinachoonyesha kilichomo, si kopo la bati lililofungwa kwa kitambaa, na ubandike juu yake maandishi makubwa yenye jina la shule na maneno machache yanayosema kwamba ni mchezo wa wanafunzi. Wino uwe wa bluu. Usikaribie kabisa stendi, masoko, gati za vivuko wala ofisi za umma. Huko kopo lisilo na mwenyewe ni kazi ya polisi. Kisiwa cha Saanane nacho ni hifadhi ya taifa, na hutaficha kitu huko bila idhini ya mamlaka yake. Mahali ambapo ningeanzia ni uwanja wa shule yenyewe na mawe yaliyo ndani ya mipaka yake, kisha maeneo ya taasisi ambazo wenyeji wake wamekubali.

Uhifadhi wa kikopo nao ni tofauti na wa jangwani. Wenzetu wa Arizona hufunga daftari kwenye mifuko ya plastiki, lakini mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hutaki somo lako lianze kwa kuokoteza ya magendo. Chombo kigumu cha plastiki chenye mfuniko unaobana kinatosha, kikiwekwa mdomo chini na mahali palipoinuka, kwa sababu mvua za huku hugeuza kila mfereji kati ya mawe kuwa mto kwa saa nzima. Usifiche ufukweni. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likafunika fukwe na kuingia kwenye majengo, na hata katika mwaka wa kawaida mawimbi ya upepo hufika mbali kuliko unavyodhani. Zaidi ya hayo, usiandike kamwe maelezo yanayomlazimu mtoto kukanyaga maji ya kina kifupi yenye majani, maana kichocho kipo.

Maelezo yenyewe waandike wanafunzi. Kundi moja lifiche, jingine litafute, na kundi lililoandika lisimame pembeni bila kusema neno huku likiwatazama wenzao wakipotea kwa sababu ya “kushoto” ambayo haikuelezwa ni kushoto kwa nani. Sijui zoezi la insha linaloonyesha kosa waziwazi namna hiyo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Ukerewe. Kwa nini watu wanahangaika na dira na mafumbo, wakati simu yenye GPS inaweza kuwafikisha moja kwa moja?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mchezo wa simu upo, unaitwa jiokashingi, nao ulianza Mei 2000, mara tu serikali ya Marekani ilipoondoa upotoshaji iliokuwa ikiuingiza kwa makusudi katika mawimbi ya GPS ya raia. Mtu mmoja wa Oregon alificha ndoo msituni, akatangaza namba za mahali ilipo, na wengine wakaenda kuitafuta. Mchezo wa visanduku vya mihuri ni mkubwa kwake kwa karibu karne moja na nusu: mwaka 1854 mwongoza wageni aitwaye James Perrott aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, katika nyika ya Dartmoor huko Uingereza, ili wageni waliofika waache kadi zao. Baadaye wageni wakawa wanaacha barua na kadi zenye anwani, na anayefuata huzichukua na kuzitia posta.

Ukumbuke pia kwamba simu haikufikishi kwenye jiwe. Katika uwanja wazi GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa, na kati ya miamba mirefu hukosea zaidi kwa kuwa mawimbi hugonga jiwe kabla ya kufika kwako. Kwenye mawe kama ya Ukara, mita tano zina nyufa za kutosha kumshinda mtu mpaka jioni, na hapo atarudi kuhitaji yale maneno ya aliyeficha.

SWALI: Mhariri, mimi ni wa Musoma. Binamu yangu alipata kisanduku cha namna hiyo alipokuwa masomoni Arizona, akakuta kimepasuka, daftari limelowa na muhuri umepinda kwa jua. Alikiacha kama kilivyo. Je, alifanya sawa, au angekichukua akitengeneze?

JIBU: Ndugu, kukiacha si kosa, lakini angeweza kufanya zaidi. Kisanduku ni mali ya aliyekiweka, na mtafutaji hana ruhusa ya kuondoka na muhuri hata ukiwa umeharibika. Anachoruhusiwa, na hata kutarajiwa kufanya, ni kulikausha daftari kivulini dakika chache, kuondoa mchanga kwenye mdomo wa chombo ili mfuniko ukae, kuongeza karatasi chache ikiwa anazo, na kukirudisha mahali pake kikiwa kimegeuzwa, ufa uelekee chini. Kisha apige picha ya hali aliyokikuta nayo na kumtumia mwenyewe kupitia njia ileile aliyopatia maelezo. Ikiwa mwenyewe atajibu na kumwomba akichukue ampelekee, hapo ndipo akibebe; na asipojibu kwa miezi kadhaa, awaarifu watafutaji wengine kwamba kisanduku kimeharibika, ili mtu asiende jangwani na lita nne za maji kutafuta kopo lililopasuka.